Farasi Aliyesema Kibembe

Yaya Faida, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia kutoka Baraka, kwenye nyumba yetu ya nyuma ya soko, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Sijifichi. Barua hii nitaisoma kwa sauti kwa yeyote anayetaka kuisikia, na wasiotaka nao wataisikia, maana sauti yangu unaijua. Nimechoka na watu wanaonieleza jinsi ulivyokufa. Wanasema Faida alikufa kwa ajili ya picha za farasi. Wanasema huku wakitikisa kichwa, kama vile wanasimulia habari za mlevi aliyeanguka kisimani. Baba mdogo ndiye anayesema kuliko wote. Kwa hiyo nimekaa chini nikumbuke nawe tangu mwanzo, ili wanaotusikiliza wajue ni picha gani hizo, na farasi gani huyo.

Unakumbuka kaseti ile ilivyofika? Mama alikuwa amekwisha kufariki, baba alikuwa akikaa ziwani kuliko nyumbani, na wewe ndiye uliyenilea kwa mandazi ya asubuhi na video ya jioni. Mchuuzi wa samaki kutoka Kigoma alikuletea furushi la kaseti, akaapa kwamba zote ni karate na vita. Hizo ndizo watu wazima walizozipenda. Ulizijaribu moja moja mchana, mimi nikiwa nimelala kwenye mkeka, na ya mwisho haikuwa na karate wala vita. Ilikuwa na majani marefu, mvua, na msichana mwembamba amesimama mbele ya mnyama mkubwa mwekundu ambaye hakutaka kuguswa na mtu.

Ulisonya. "Wameniibia," ulisema. Lakini hukuizima. Ulikaa hadi mandazi yakaungua jikoni, na mimi nilikuona ukifuta macho kwa kitenge ukijifanya ni moshi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, uliwafungulia watoto. Tulikiita salle tu, chumba kile cha video, cha matofali ya udongo na bati, kilichoshikana na jiko letu. Televisheni ilikaa upande wa mlango wa barabarani. Nyuma kabisa, kule wakubwa walikopenda kukaa, kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na masufuria yako. Kila mtoto aliingia na kipande cha kuni. Hukutaka kingine.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona farasi. Tulimjua kwa jina tu, kutoka kanisani. Mnyama alipotokea, chumba kizima kililipuka.

"Ngombe! Ngombe haina mapembe!"

"Si ngombe, ni punda ya bazungu!"

"Nyamazeni," ulisema. "Ni farasi. Anaitwa Radi. Na huyu mutoto mwanamuke anaitwa Sifa. Mukipiga kelele hamutasikia vile banaongea."

Walikuwa wanaongea Kiingereza, Yaya, lugha ambayo hukujua hata salamu yake. Lakini ulisimama kando ya televisheni na fimbo ya ufagio mkononi, ukaanza kututafsiria kila neno bila aibu. Msichana ulimpa Kiswahili chetu cha hapa. Na farasi, ambaye kwenye filamu hakusema chochote zaidi ya kupuliza pua, ulimpa Kibembe, lugha yetu ya nyumbani. Alipotikisa kichwa, alisema Kibembe. Alipokwangua ardhi kwa kwato, alitukana kwa Kibembe, tukafa kwa kicheko. Jioni nilikuuliza kwa nini farasi anajua Kibembe.

"Muntu mwenye kuwa peke yake anaongea na luga ya mama yake," ulinijibu. "Na ile farasi iko peke yake."

Tuliiona filamu ile mpaka watoto wadogo wakaweza kuisema. Kulikuwa na Nyamwiza, unamkumbuka, msichana Munyamulenge, wa wale wafugaji wa milimani, ambaye mama yake alishuka kuuza maziwa na siagi sokoni. Siku ya kwanza wote waliposhangaa msichana kunong'ona kwenye sikio la mnyama, Nyamwiza peke yake hakushangaa. "Baba yangu anaongeaka na ngombe zake vile vile," alisema. "Iko moja, kama hajaiita jina yake haitoki." Watoto wakamcheka, ukawakemea, ukamwambia aje mbele atueleze baba yake anasema nini. Akaeleza. Baada ya hapo, kila tuliposhindwa kuelewa farasi anataka nini, tuligeuka kumtazama Nyamwiza. Naye Kibembe chake chote alikijifunza kwa Radi.

Kisha deki ikala kaseti. Ilikuwa mahali pabaya kuliko pote: mjomba wa Sifa amemuuza Radi, gari linaondoka naye, na Sifa anakimbia nyuma yake kwenye vumbi. Pale pale utepe ukakwama, ukakunjamana, ukakatika. Uliufungua kwa kisu, ukaunganisha ulichoweza kwa gundi, lakini mwisho wote ulikuwa umeharibika. Watoto walilia. Mimi nililia kuliko wote.

"Nani alisema imeisha?" uliuliza. Ukasimama mbele ya kioo kilichojaa chenga nyeupe, na fimbo yako ya ufagio, ukaendelea. Sifa alitembea. Alipita mito, alilala kwenye makanisa, alikula mihogo mibichi. Akamkuta Radi kwa tajiri mmoja ambaye alisema, kama ni wako mwite, na ukipiga kelele umeshindwa. Sifa hakupiga kelele. Alimwita taratibu, kama unavyomwita mtu aliyesinzia, na Radi akaruka ua. Kila Jumapili uliongeza kitu. Mara Sifa alipita Mboko, mara alivuka na mtumbwi, mara alikutana na askari wa barabarani aliyetaka soda. Hatukuuliza tena mwisho wa kweli. Huo ndio uliokuwa wa kweli.

Watu wananiambia filamu hizo ni mambo ya watoto wa kizungu wenye nyasi na mazizi. Nimekwisha kuona nyingine nyingi za namna ile, Yaya, na ni kweli zinafanana kama mapacha. Kuna mtoto ambaye hana wa kumsikiliza, kuna farasi ambaye watu wazima wamesema hafai, na kuna mtu mzima anayetaka kumuuza au kumpiga risasi. Halafu mtoto anasema hapana. Hana nguvu wala bunduki, anasema hapana tu, na mnyama mkubwa anamwamini. Nani kakwambia hilo si letu? Sisi tulikuwa watoto wa Fizi. Tulibebeshwa maji, tulibebeshwa wadogo zetu, na baadaye walikuja watu waliotaka kutubebesha bunduki. Hakuna aliyetuuliza tunataka nini. Tulipomwona Sifa amesimama kwenye mvua akikataa, tulijua anasema nini hata kabla hujatafsiri.

Na wewe ulijua kukataa. Kabla ya vita ya kwanza, maneno yalipoanza kuchacha sokoni na redioni, wanaume wawili wa mtaa walikuja siku ya Jumapili wakasimama mlangoni.

"Faida, ule mutoto ya Banyamulenge asiingie tena humu."

"Ameleta kuni," ulisema.

"Haukusikia? Banasema ni nyoka."

"Mimi nasikia filime inaanza. Kama muko na kuni, ingieni. Kama hamuna, muache mulango, munaniziba mwangaza."

Usiku huo walitupa mawe juu ya bati. Jumapili iliyofuata ulimkalisha Nyamwiza mbele kabisa, mahali ambapo kila mtu angemwona. Na mambo yalipokuwa mabaya kweli, watu wa kwao walipoanza kukusanywa, ulimsindikiza yeye na mama yake alfajiri mpaka kwenye njia ya mlimani, ukatembea katikati yao umewashika mikono, ukisalimia kila uliyekutana naye. Sijui kama walifika. Nimeuliza kwa kila anayeshuka kutoka kule. Sitaacha kuuliza. Watu wetu walifanya mabaya, na watu wetu walifanyiwa mabaya, na anayetaka kunisimulia upande mmoja tu namwambia aache mlango, kama vile wewe ulivyowaambia wale wanaume.

Sasa nifike kwenye siku ile.

Vita ilikuwa imefika. Askari walikuwa wengine, waliotoka mbali, wenye Kiswahili cha namna nyingine, na walikuwa wanatafuta vijana wa kuwabebea mizigo na kushika silaha. Watu walikwambia ufunge salle. Ulisema watoto wakikaa nyumbani watakaa na hofu, na salle angalau ina kelele ya jenereta. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikaa mbele pamoja na wasichana. Nyuma, karibu na pazia, walikaa wavulana wakubwa: Etungano, mtoto wa fundi cherehani, wenzake wa timu ya mpira, na Alimasi, mtoto wa Baba mdogo, ndugu yetu ambaye alikuwa anaanza kuota ndevu na kujifanya hapendi tena farasi.

Mlango ulisukumwa. Waliingia askari na bunduki, na wengine walibaki kwenye kivuli cha ukuta upande wa barabara. Kamanda wao alikuwa kijana, labda mdogo kuliko wewe.

"Tunataka vijana," alisema. "Wenye nguvu. Wasimame."

Hakuna aliyesimama. Wewe ulibaki na fimbo yako mkononi.

"Komanda, karibu," ulisema. "Nakusikia. Lakini filime haiyaisha. Batoto batalia, mutaletewa makelele bure. Kaeni hapa mbele, ni kidogo tu, halafu mutafanya kazi yenu."

"Filamu ya nini?"

"Ya farasi."

Walicheka. Mmoja akasema, filamu ya watoto! Lakini walikuwa wamechoka, miguu yao ilikuwa imevimba kwenye mabuti ya mpira, na benchi la mbele lilikuwa na nafasi, kwa sababu ulitufukuza kwa mkono tukae chini. Wakakaa. Bunduki kati ya magoti. Migongo yao ikageukia chumba.

Ukaanza kutafsiri. Sifa alisema hivi, mjomba akasema vile. Sauti yako haikutetemeka, Yaya, nashuhudia mbele ya watu wote. Kisha Radi akatokea kwenye majani, akatikisa kichwa, na wewe ukafungua mdomo kwa Kibembe.

Farasi hakutukana siku ile. Alisema: ninyi wakubwa mliokaa nyuma, hawa wamekuja kuwachukua. Pazia liko nyuma yenu. Tokeni mmoja mmoja. Msikimbie, msigonge masufuria. Mkifika nje fuateni majani ya ziwani mpaka Swima, na msirudi hata mkisikia nini.

Kamanda akageuza shingo kukutazama. "Hiyo lugha gani?"

"Ya farasi," ulisema. "Farasi haina Kiswahili."

Walicheka mpaka mmoja akajipiga gotini kwa kiganja. Naye farasi, huku wakicheka, akasema tena kwa Kibembe: ninyi wadogo, pigeni kelele kama siku zote, pigeni zaidi, na msigeuke nyuma. Tukapiga kelele. "Radi! Radi! Radi!" Tulipiga makofi, tulikanyaga chini, nilipiga kelele mpaka koo likauma. Sikugeuka. Nilisikia pazia likipapatika nyuma, na kila lilipopapatika nilipiga kelele zaidi. Sifa alianguka, akainuka. Radi alikataa hatamu, akakubali. Wale askari nao walianza kunyoosha shingo. Mjomba alipomuuza farasi, mmoja wao alitukana kwa sauti, na nilijua hamtukani mtu wa kwetu.

Gari likaondoka, Sifa akakimbia kwenye vumbi, utepe ukafika pale ulipokatika, na kioo kikajaa chenga.

"Inaishia hapo?" kamanda aliuliza. Alikuwa amekasirika kama sisi tulivyokasirika siku ya kwanza.

"Hapana," ulisema. "Inaendelea." Na ukaendelea kwa mdomo. Sifa hakuwahi kutembea mbali kama siku ile. Ulimpitisha kila kilima, kila mto, ulimpa malaria akapona, maana kila alipokawia yeye ni hatua waliyopata wavulana. Na kamanda alisikiliza, Yaya. Nilimwona kutoka ubavuni. Uso wake ulikuwa wa mtoto.

Radi alipokwisha kuruka ua, ukanyamaza. Kamanda akavuta pumzi, akasimama, akageuka nyuma. Mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu.

Hakuuliza mara mbili. Alikupiga na kitako cha bunduki upande wa kichwa, ukaanguka juu ya televisheni, na mimi nikasikia sauti ambayo sitaiandika hapa.

"Wako wapi?"

Uliinuka kwa magoti. Damu ilikuwa inatoka kwenye sikio. Ulimtazama ukasema, "Banani? Mimi nilikuwa naangalia filime, sawa na we."

Akakupiga tena. Na hapo ndipo pazia lilipofunguka, na Alimasi akaingia. Alikuwa amekwisha kutoka, Etungano ameniambia baadaye. Alikuwa amefika kwenye majani pamoja nao, wakitambaa polepole ili askari wa nje wasiwaone. Alisikia ukilia, akarudi. Alisimama kati yako na bunduki akasema, "Muache yaya wangu. Nichukueni mimi."

Wakamchukua. Wakachukua jenereta, televisheni, deki na kaseti zote za karate. Ya farasi waliitupa chini, wakasema ya watoto. Ulikimbia nyuma ya gari lao na sikio linalotoka damu mpaka njia panda ya Fizi, ukiita jina lake. Tangu siku hiyo hukusikia tena kwa sikio la kushoto, na hatukumwona tena Alimasi. Baba mdogo alifika jioni. Alikutazama tu.

Vita ilipozidi tulivukia bandari ya Kazimia, tukaingia kambini ng'ambo ya ziwa. Huko hukuwa na jenereta wala kioo. Uliisimulia filamu mbele ya hema kwa mikono mitupu, na watoto walikuja na kuni kama zamani, ingawa kuni kule zilikuwa za shida. Nilikuwa nakua. Nilikuonea aibu kidogo wakati mwingine, ukikwangua ardhi kwa mguu ukiwa farasi, na wanawake wa foleni ya maji wakicheka. Ulikuwa hujali.

Vita ya pili ilipopoa kidogo upande wetu, ulirudi Baraka kabla ya watu wengine. Ulipaua salle upya kwa maturubai. Ulitafuta televisheni na deki iliyotumika kule Kigoma, ukaipata, ukaifunga kwa nailoni, ukapanda mtumbwi wa injini uliokuwa unakuja Kazimia na watu na magunia ya unga. Upepo uliwakuta katikati ya ziwa. Waliookoka walikuwa wachache. Mmoja wao alinieleza kwamba mlipoambiwa mtupe mizigo, ulikuwa wa kwanza kutupa. Ulitupa televisheni, ukatupa deki, bila kubishana. Halafu ukamshika mtoto wa mwanamke mmoja aliyekuwa na watoto zaidi ya mikono yake. Mtoto yule alitolewa majini akiwa hai. Wewe hukuonekana.

Kwa hiyo wanaosema alikufa akikumbatia televisheni ni waongo. Nawaambia hapa, kwa maandishi.

Mwaka huu, kule Uvira, nilikuta filamu yetu. Ilikuwa kwenye diski, kwa Kifaransa, nzima, na mwisho wake. Niliiangalia peke yangu nimesimama dukani. Unajua inaishaje? Sifa anampata Radi, kisha anamwachia aende zake porini, anarudi nyumbani peke yake na muziki mwingi. Nilikasirika, Yaya. Nilimwambia mwenye duka, hii si yenyewe. Akanicheka. Niliinunua hata hivyo. Kwenye salle yetu, gari linapoondoka, nabonyeza kuzima, nasimama mbele ya kioo, na Sifa anatembea. Waliotengeneza filamu wanisamehe, na wasiponisamehe basi.

Maana nimeifungua tena salle, ndiyo. Kwa muda huu wanasema amani imesainiwa huko mbali, ingawa huku kwetu bado tunasikia milio upande wa milima. Naifungua kila Jumapili. Na hapo ndipo familia ilipoitisha kikao.

Tulikutana uani kwetu. Baba mdogo alisema kiwanja kile kiwe ghala la mihogo na samaki, kitu chenye faida. Alisema farasi wamekwisha kuila familia hii. "Farasi ilinikulia Alimasi, ikakula Faida. Sasa unataka ikule nani tena?"

Kabla sijajibu, Etungano alijitokeza. Anavua samaki sasa, ana mke na watoto, na hakuwa amealikwa. Alikuwa amesimama nje ya ua akisikiliza. "Mimi nilipita ku jikoni," alisema. Nyuma yake mwingine akasema, "Na mimi." Na mwingine. Wanaume wazima, Yaya, na ndevu zao, mmoja na mtoto mgongoni. Walisema majina yao na mahali walipokuwa wamekaa.

Baba mdogo aliwasikiliza wote. Kisha akauliza, polepole, "Na wa kwangu?"

Etungano aliinamisha kichwa. Nilimtazama yule mzee, mikono yake juu ya magoti, na nilielewa kwamba tangu siku ile hakuna aliyemjibu swali hilo. Tulikuwa tunapita pembeni yake tu, wewe pamoja nasi.

"Wa kwako alirudi, Baba," nilisema. "Alikuwa amekwisha kutoka. Farasi alimwambia asirudi, na yeye akarudi kwa sababu Yaya alikuwa anapigwa. Hakuchukuliwa na farasi. Alichukuliwa na watu wenye bunduki, walioingia kwa mlango ule pale. Kwa nini hatuwataji hao? Kwa nini kila siku tunamtaja mwanamke aliyekuwa na fimbo ya ufagio? Kama ni kumlaumu mtu, tuwalaumu waliokuja kuchukua watoto. Na kiwanja sitoi. Mihogo ikae kwingine."

Mashangazi walishika midomo. Sijawahi kuongea hivyo mbele ya wakubwa, lakini sikuomba radhi. Baba mdogo alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Jana ilikuwa Jumapili. Watoto walikuja na kuni zao. Kulikuwa na wa Baraka, kulikuwa na waliorudi kutoka kambini ambao Kibembe chao kimepotea njiani, na kulikuwa na wawili wa familia mpya iliyoshuka na maziwa kutoka milimani. Mtu mmoja alipita akaniambia niwe mwangalifu na hao wawili. Nilimwambia ananiziba mwangaza.

Filamu ilipokuwa imeanza, chumba kikawa giza ghafla. Mtu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtambua kwa kofia. Nilifikiri amekuja na fundi kupima kiwanja, nikajiandaa kupigana.

Hakunitazama. Alitazama mabenchi.

"Alimasi alikuwa anakaaka wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha kwa mkono: nyuma, benchi la mwisho, upande wa pazia. Alipita katikati ya watoto, akivua kofia, akiomba nafasi kama mgeni. Msichana mmoja alisogea. Baba mdogo akakaa, magoti yakiwa juu karibu na kidevu, kwa sababu mabenchi yale ni mafupi, akatazama mbele.

Yaya, baada ya hapo sikuweza kumtazama tena, maana Radi alikuwa ametokea kwenye majani na watoto walikuwa wananisubiri. Nilipandisha sauti ili ifike mpaka nyuma. Alikaa mpaka mwisho, mwisho wetu, si ule wa diski. Alipotoka alisema bado anataka ghala. Nikamwambia bado nakataa. Akasema, "Tutaonana Jumapili," akaweka kofia, akaenda.

Pumzika hapo ulipo, dada yangu, kwenye maji yasiyo na kaburi. Wakija tena kuniambia ulikufa kwa sababu gani, nitawaambia waje na kuni, waingie, wakae.

Mdogo wako uliyemlea